Maji ya Saa Nne

Siku tulipomzika mume wangu, katekista mmoja alisimama mbele ya watu akasema kwamba Katembo alikuwa shujaa. Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, mjane mzima nimejifunga kitambaa cheusi, mpaka binti yangu Masika akanifinya mkono. Shujaa gani? Mimi niliishi na Katembo, nilimpikia, nilimfulia, nilimzalia watoto, na nasema bila kumsingizia: mtu yule alikuwa mwoga. Aliogopa mbwa. Aliogopa radi. Akimwona askari wa barabarani kwa mbali, alivuka upande wa pili, na hata baiskeli hakuwa nayo ya kukamatiwa. Kuku akichinjwa kwetu, aliyeshika kisu ni mimi.

Lakini kwa kuwa wanasema shujaa, wacha nieleze habari ya lile hodhi la kuogea la mtaa wa Bukoto, halafu kila mtu ajiamulie.

Katembo alikuwa fundi wa bomba. Alivuka mpaka kutoka upande wa Butembo wakati wa vita vya miaka ya sitini, mimi nikamfuata, na hapa Kampala akaajiriwa na Mhindi mmoja aliyejenga nyumba za ghorofa. Wahindi walipofukuzwa nchini, bwana yule aliondoka na sanduku la nguo, akamwachia Katembo sanduku la spana. Tangu hapo mume wangu alikaa pembeni mwa soko la Nakawa chini ya mwavuli uliotoboka, koki kuukuu ikining'inia kwa kamba ili watu waijue kazi yake. Mimi nilikaanga samaki hapo karibu naye. Nilimzidi urefu kwa kichwa kizima, na wauza ndizi hawakuchoka kumwuliza kama hahitaji ngazi kunisalimu.

Miaka hiyo vipuri havikuwepo. Raba za koki alizikata kwenye kandambili zilizochakaa, na maungio ya bomba aliyafunga kwa katani na rangi. Fundi akibanwa kabisa aliziba ufa kwa sabuni ya mche, maana sabuni hushika kwa muda kabla maji hayajaiyeyusha. Lakini kufikia mwaka wa sabini na saba hata sabuni ilikuwa imeadimika, watu wanaikata vipande na kuifungia kabatini pamoja na sukari.

Ulikuwa mwaka mbaya, na kwa watu wa kaskazini, Waacholi na Walango hasa, ulikuwa mbaya kuliko ninavyoweza kusema. Walichukuliwa kazini, walichukuliwa kambini, walitiwa kwenye buti za magari mchana kweupe. Sisi wengine tulijifunza kutazama chini kila gari liliposimama.

Asubuhi moja gari lilisimama mbele ya mwavuli wa Katembo. Aliyeshuka alivaa miwani myeusi na viatu vya soli nene. Bukoto nzima walimwita Afande, na kazi yake hakuna aliyeitaja.

"Wewe ndiyo fundi ya maji?"

Katembo aliitika kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

"Chukua vyombo yako. Panda gari."

Nilimwona mume wangu akikumbatia sanduku lake na kuingia kwenye kiti cha nyuma. Kwenye kiti, si butini. Hilo tu, kwamba ni kiti, ndilo nililoling'ang'ania siku ile yote. Samaki waliungua kwenye karai na sikuwageuza.

Yaliyotokea huko nayajua kwa sababu Katembo alinisimulia jioni ile ile, na baadaye Helen, mpangaji wa jengo alilopelekwa, naye akanisimulia ya upande wake.

Afande alikaa ghorofa ya kati ya jengo moja la Bukoto pamoja na mkewe, Alal. Alal alikuwa mtu wa kaskazini. Jinsi alivyofika mikononi mwa bwana yule hakuna aliyejua, wala halikuwa jambo la kuulizia. Juu yao alipanga Helen Ayot, muuguzi, Mwacholi, aliyeishi peke yake, au ndivyo jengo zima lilivyojua. Jengo lenyewe liliachwa na Mhindi yule yule wa Katembo, likapewa mkubwa fulani aliyekuja kuchukua kodi na hakuwahi kutengeneza hata kitasa.

Afande alimpeleka Katembo bafuni kwake, akamwonyesha dari. Chokaa ilikuwa imevimba na kuweka doa la kahawia, na chini yake Alal alikuwa ameweka beseni. Maji ya ndani ya beseni yalikuwa na utando mweupe pembeni.

"Mimi nafanya kazi ya usiku," Afande alisema. "Asubuhi narudi, nalala. Saa nne naamka, nanyoa ndevu, na hii maji inaanguka hapa, kwa shingo. Jana imeanguka tena. Nimemwambia huyu mwanamke asimwage." Aliinama, akachovya kidole, akakinusa. "Inanuka sabuni. Na nesi ya juu anakwenda kazi saa moja. Sasa wewe ni fundi, niambie. Hii ni maji ya bomba ama ni maji ya mutu?"

Swali lile, Katembo alisema, hakutaka kulijibu, kwa sababu jibu alikuwa amekwisha kulijua. Bomba linaloleta maji likipasuka huvuja mchana na usiku. Bomba linalotoa maji machafu huvuja pale tu mtu anapooga. Na hapa palikuwa na maji ya sabuni ya saa nne, kutoka nyumba ambayo mwenyewe yuko kazini.

"Afande, lazima nione kule juu kwanza."

"Twende. Leo nesi yuko nyumbani, nimeuliza."

Helen alifungua mlango, akasalimu, na Afande akapita bila kukaribishwa. Alikaa sebuleni, akaagiza chai, akaweka bastola mezani kando ya kikombe. Katembo alielekezwa bafuni kwa mkono.

Lile bafu alilijua vizuri. Hodhi la kuogea, la bati nene lililopakwa rangi nyeupe, lilikuwa limezungushiwa ukuta mfupi wa matofali na vigae, na ukuta ule aliujenga yeye akiwa kibarua. Mhindi wake alikuwa na utaratibu mmoja ambao mafundi wengine waliucheka: chini na nyuma ya hodhi aliacha nafasi kubwa, na ukutani kimlango cha mbao, ili siku ya matengenezo fundi aingie mzima na kufanya kazi amelala chali, badala ya kuvunja vigae. Walisema anapoteza matofali bure.

Katembo alipiga magoti, akafungua kimlango, akawasha kiberiti. Macho mawili yalikuwa yanamtazama.

Mtu alikuwa amelala mle kwa ubavu, magoti kifuani, bega limekandamiza bomba la maji machafu. Hiyo ndiyo sababu lilivuja. Kila alipoingia na kutoka alilisukuma kidogo, mpaka maungio yakalegea. Na saa nne, wapangaji wakiwa kazini, alitoka kujimwagia maji akiamini hata Afande hayupo, kwa sababu kila asubuhi alisikia injini ya gari la Afande ikiondoka. Hakujua kwamba anayeondoka ni dereva, na mwenye gari amerudi kulala.

Mume wangu alijikojolea. Hilo sikulitunga, suruali niliifua mimi. Bahati yake fundi wa bomba akilowa hakuna anayemwuliza.

Yule mtu alitikisa kichwa taratibu, mara moja tu. Sebuleni kijiko kiligonga kikombe.

"Fundi! Umeona nini?"

Hapa ndipo ninapogombana na katekista. Shujaa angepima mambo, angeamua. Katembo hakupima chochote. Aliniambia alikuwa anataka kulia, akataka mama yake, na mdomo ukajisemea wenyewe.

"Naona bomba, Afande. Mama nesi, letea mimi sabuni."

Helen alikuja na kipande chake cha mwisho. Aliona kimlango kiko wazi, akashika fremu ya mlango asianguke. Katembo alikisukuma kimlango kwa goti kikafunga, akachukua spana, akalegeza nati ya bomba linaloleta maji pale ukutani, akashindilia sabuni ndani ya maungio, akakaza nusu. Maji yakaanza kuchuruzika ukutani, meupe, mpaka kwenye pembe ya sakafu. Ndipo akaita.

"Iko hapa, Afande. Ni maji ya bomba. Fundi ya zamani aliziba na sabuni, angalia. Maji inakula sabuni, inashuka nayo kwako."

Afande alisimama juu yake. "Mbona inaanguka saa nne tu?"

"Asubuhi batu bote banachota, maji inakosa nguvu ya kupanda mpaka huku. Bakienda kazi, saa nne, inapanda. Usiku tena hakuna."

Uongo ule, kwa Kiswahili chetu cha Butembo, ulikuwa na nusu ya ukweli ndani yake. Kila aliyekaa ghorofa za juu Kampala alijua jinsi koki zinavyokauka alfajiri na kurudi baadaye. Afande aligusa maji ya ukutani, akanusa kidole. Kisha akageuka, akaketi ukingoni mwa hodhi, visigino vyake vikigusa kile kimlango, na akawasha sigara.

Aliivuta yote pale. Helen aliniambia kwamba muda wa sigara ile hakukumbuka hata jina la mama yake.

"Mimi sitaki sabuni," Afande alisema mwishowe. "Hii beseni kubwa ya Muhindi, yote mutoe. Nesi ataoga na ndoo. Usiku wa leo mimi niko na ofu, siendi kazi, kesho asubuhi niko macho. Nataka kuona inateremka kwa ngazi na macho yangu. Na wewe fundi, kwako najua, nyuma ya soko. Kama tone moja inaanguka tena kwangu, sitakuja kutafuta bomba."

Alitangulia kushuka. Katembo alipokuwa anakusanya spana, Helen alimnong'oneza: yule ni Oloya, kaka yake, askari wa kambi ya Makindye, aliyetoroka siku wenzake walipoitwa kwa majina wasirudi.

Jioni ile nilimtukana mume wangu mpaka nikakaukiwa. Nilimwuliza kama Oloya ni ndugu yake. Nilimwuliza kama ni Mkongo. Nilimwambia tufunge mizigo, tuchukue watoto, tuvuke mpaka kabla ya asubuhi, kwani sisi ni wageni na msiba huu si wetu.

"Nisipoenda, atakamata fundi mwingine," Katembo alisema. Alikuwa amekaa kitandani amejifunga shuka langu kiunoni. "Na fundi mwingine atafungua ule mulango kidogo."

"Afungue! Wewe unahusika nini?"

"Ile shimo nilijenga mimi, mama Masika."

Neno hilo liliniudhi zaidi. Nilikuwa na hofu iliyonikaa mdomoni kama shilingi ya shaba. Nilitazama watoto wamelala mstari mmoja kwenye mkeka na nikamchukia yule askari nisiyemjua, nikamchukia Helen, nikamchukia hata yule Mhindi na nafasi zake.

Ndipo Katembo akanieleza alivyofikiri. Hodhi lile hubebwa limegeuzwa juu chini, watu wawili, vichwa vimo ndani. Anayetazama huona miguu tu. Wakipanda mafundi wawili na kushuka mafundi wawili, Afande hatakuwa na la kuuliza. Ila mmoja wa wale wanaopanda lazima abaki juu, amwachie Oloya nguo zake, ashuke baadaye akiwa mtu mwingine.

"Na ni nani huyo mwendawazimu?" niliuliza.

Alinitazama kuanzia miguuni, akapanda polepole mpaka juu, kwenye kile kichwa ninachomzidi.

Asubuhi nilijisugua kwa majivu na limau kutoa harufu ya samaki, maana msaidizi wa fundi anayenuka samaki angetuua wote. Kwa sababu hiyo hiyo sikuchukua hata samaki mmoja, kikapu kitupu tu, ili nishuke kama muuza samaki aliyemaliza, nilichokikunja ndani ya gunia la vyombo. Juu ya kitenge changu nilivaa ovaroli ya Katembo ya zamani, kofia, na mabuti ya mpira. Watoto niliwaacha kwa Rehemah, jirani yangu wa sokoni. Nilimwambia tukichelewa awape chakula. Alinitazama na mabuti yale, akawavuta watoto ndani bila kuuliza.

Afande alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha ngazi mbele ya mlango wake, redio mapajani. Alal alikaa kwenye kigoda kando yake akipepeta simsim, yaani ufuta, kwenye ungo. Nilibeba nusu gunia la saruji begani, upande wa kwake, linifiche uso.

"Huyu nani?"

"Musaidizi wangu, Afande. Ni bubu."

"Bubu na fundi mwoga," Afande alisema, akacheka. Alal aliinua macho, akayatua kwenye mabuti yangu, akarudi kwenye ungo wake.

Kule juu Katembo alivunja vigae kwa kelele zote alizoweza, na mimi nikafungua kimlango. Oloya alitoka kwa mikono, kama mtu anayetoka kaburini. Alikuwa mrefu kama mimi na mbavu zake zilihesabika. Nilikuja na maneno yangu ya kumwambia, ya kwamba kwa ajili yake watoto wangu wako kwa watu. Aliponiona mwanamke ndani ya ovaroli alielewa yote, akafunika uso.

Nilivua ovaroli, nikampa. Nikampa kofia. Nikampa mabuti, na hapo ndipo tulipokwama. Miguu yake haikuingia. Alisukuma, akakunja vidole, Helen akapaka mafuta, haikuingia. Mabuti yale yalikuwa ya kipimo cha mguu wangu, na Oloya alikuwa na miguu ya Kiacholi, mirefu, ambayo jeshi liliitafutia buti maalumu. Tulitazamana. Chini, Afande aliita.

"Fundi! Bado?"

"Tunakuja, Afande!"

Oloya alitoka peku.

Waliliinua hodhi, wakaligeuza, wakaingia chini yake. Mimi na Helen tulibaki nyuma ya mlango tumeshikana mikono, na hatukuwa tumewahi kuonana kabla ya siku ile. Tulisikia bati likikwaruza ukuta. Tulisikia hatua zikishuka. Kisha sauti ya Afande:

"Simama hapo!"

Halafu ngo, ngo, ngo: alikuwa analigonga hodhi kwa bastola au kwa pete, sijui. Nilijua kwamba Katembo amesimama chini ya mlio ule, mtu anayejificha chini ya kitanda radi ikipiga. Kama angeliachia hodhi, kama angelia, basi.

Kisha nikasikia sauti ya Alal, imechoka, imejaa kero za nyumbani. "Wapite, bwana. Hii kitu itaangukia simsim yangu."

Afande alicheka. Alishuka mbele yao, akiwafokea watu wa chini wapishe njia. Katembo aliniambia baadaye alichokiona kupitia ufa mdogo kati ya hodhi na bega lake. Alal aliitazama miguu ya Oloya, mitupu, mirefu, imejaa vumbi jeupe la vigae, pale ambapo asubuhi yalipita mabuti ya mpira. Aliitazama muda mrefu. Kisha akasogeza kigoda.

Nilingoja mpaka niliposikia mkokoteni tuliouacha uani ukiondoka na hodhi. Nilijitanda kitenge kichwani, nikamwachia Helen mabuti, nikachukua kikapu, nikashuka. Nilidhani Afande angekuwa bado uani. Alikuwa amerudi kwenye kiti chake.

"Wewe mama, unatoka wapi?"

"Kwa nesi, Afande. Niko nauzisha samaki."

"Iko wapi samaki?"

"Imekwisha."

Alivua miwani. Macho yake yalikuwa ya kawaida tu, ya mtu ambaye hajalala vizuri, na hilo liliniogopesha kuliko miwani. "Mimi nakaa hapa tangu asubuhi. Sikukuona ukipanda."

Niliwaona watoto wangu kwenye mkeka wa Rehemah. Sikuona kitu kingine.

"Alipanda wakati ulikuwa unanyoa," Alal alisema bila kuinua kichwa kwenye ungo. "Mimi nilinunua kwake mbili."

"Hukuniambia."

"Nikuambie kila samaki?"

Safari hii Afande hakucheka. Aliacha kunitazama mimi, akamtazama yeye. "Nenda," aliniambia, macho yakiwa kwa mkewe. Nilikwenda. Nilipofika barabarani nilikaa kwenye mtaro mkavu mpaka mwanamke mmoja akaniuliza kama nina uchungu wa kuzaa.

Oloya alioga kwenye hodhi lile lile nyuma ya chumba chetu, giza lilipoingia, na maji yakatoka meusi. Alfajiri aliondoka ndani ya lori la Masinde, dereva wa Kikenya aliyekuwa akileta magunia ya chumvi sokoni, kuelekea mpakani Busia. Miaka mingi baadaye alituletea salamu kutoka Nairobi. Helen aliendelea kwenda kazini saa moja, kwani kukimbia kungesema kila kitu. Hodhi likabaki kwetu, nami nikalioshea samaki mpaka lilipotoboka.

Lakini usiku ule, kila mtu alipolala na Katembo akikoroma kwa mara ya kwanza tangu gari lile limchukue, mimi nilikaa macho. Nilikuwa nawaza samaki. Mtu aliyenunua samaki wawili hubaki na mifupa, na Alal hakuwa na mifupa.

Kulipokucha nilikaanga wawili, wakubwa, nikawafunga kwenye jani la mgomba. Katembo alinishika mkono mlangoni. Alikuwa mwoga tena, amerudi kuwa yeye. "Usiende, mama Masika. Yule mutu iko ndani." Nilimwambia huu ndio wakati anapolala, bado saa nne haijafika. Aliniachia mkono, akageuka ukutani asinione nikiondoka.

Alal alifungua kabla sijabisha. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe, na mdomo wa chini umepasuka katikati. Kutoka chumbani, nyuma ya pazia, ulisikika mkoromo wa mtu aliyerudi kazini alfajiri.

Alinivuta mpaka jikoni.

"Jana aliniuliza mifupa," alinong'ona. "Nikamwambia nimetupa. Alfajiri amerudi, akasema akiamka atamwaga pipa yote chini, aangalie."

Pipa la taka lilikuwa pale kando ya jiko, na ndani yake sikuona ila maganda ya muhogo. Nilifungua jani. Hakuniambia asante, na sikuitaka. Alichukua samaki mmoja, akavunja, akaanza kula amesimama, na kila tonge lilipogusa ule mdomo machozi yalimtoka, lakini hakupunguza mwendo. Mfupa wa kwanza aliuweka juu ya maganda, mahali pa kuonekana. Alijaribu kumeza haraka, akashindwa, akanitazama kwa lile jicho moja.

Nikachukua yule wa pili. Tulikula wima, bila chumvi, tukisikiliza ule mkoromo, mpaka mifupa ikatosha.